Planta Isiyo na Ubao

Mume wangu Mbuthia hapendi mji. Tangu tuhamie mtaa huu wa Satellite, ukimtuma River Road kule mjini akanunue beringi moja, atakupa visingizio kumi kabla hajafika langoni. Basi Januari ile ya mwaka 2007, alipokwenda mjini mara nne katika wiki mbili, na mara ya tatu akanyoa ndevu siku ya Jumatano, sikuhitaji kuambiwa na jirani kwamba kuna jambo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jambo lenyewe lilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa Simran.

"Simran anasema ile ya upepo inakula mbegu kidogo." Hayo ni ya chai ya asubuhi. "Simran anasema hakuna kulima tena, unapanda tu juu ya mabua." Hayo ni ya chakula cha mchana. Jioni nikimuuliza kama amelipia stima, ananitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha anasema kwamba kwa maneno ya Simran, feni yake inazunguka mara elfu nne kwa dakika. Nilianza kuhesabu. Jumapili moja, kati ya kanisa na chakula cha jioni, jina lile lilitajwa mara kumi na tisa. Langu lilitajwa mara mbili, na zote mbili alikuwa akitafuta soksi.

Sisi ni wakulima wa ngano. Nyumba iko Satellite, lakini shamba liko Narok, ekari mia sita tunazokodi kwa familia tatu za Wamaasai. Msimu wa kupanda ukifika tunafunga nyumba na kuhamia huko, tukilala kwenye kibanda cha mabati mpaka gunia la mwisho liishe. Tulikuwa na planta ya zamani, mashine ya kupandia, ile yenye sanduku refu la mbegu. Mbegu zinaanguka zenyewe kwenye mirija kumi na minane mpaka udongoni. Lakini mvua ilikuwa imeanza ubahili, na kila ukilima, unyevu wote unakwenda na jua. Ndiyo maana Mbuthia alitaka planta ya upepo. Hiyo ina tangi moja kubwa, na feni inapuliza mbegu kupitia mipira kama ile ya maji mpaka ardhini, bila shamba kulimwa kwanza. Wazo lilikuwa zuri. Mimi sikuwa na ugomvi na wazo.

Ugomvi wangu ulikuwa ubao.

Nyuma ya planta ya sanduku kuna ubao wa kusimama mtu, na kwa miaka kumi na minne mtu huyo nilikuwa mimi. Mbuthia anaendesha trekta, mimi niko nyuma na leso puani na fimbo mkononi, macho kwenye mirija. Mrija ukiziba na usiuone, unaacha mstari mtupu kutoka huku mpaka kule, na mstari huo utakucheka mpaka siku ya kuvuna. Trekta lenyewe lina kelele, hata ukipiga mayowe husikiki. Kwa hiyo nilikuwa na kopo la mabonge ya udongo nimelining'iniza kando. Mrija ukiziba, namlenga Mbuthia mgongoni. Anasimama, anageuka, anacheka, nachokoa mrija, tunaendelea. Siku nyingine nilimpiga hata kama hakuna kilichoziba, ili tu ageuke.

Planta za upepo hazina ubao. Nilitazama mwenyewe katika vijitabu alivyoleta kutoka mjini, picha kumi na mbili, mbele, nyuma na ubavuni. Kazi yangu ilikuwa imepewa visensa, vidude vya kuhisi vidogo kuliko punje ya mahindi. Visensa hivyo havimwiti dereva kwa bonge la udongo. Vinapeleka habari kwenye skrini iliyo mbele yake, na kuisoma skrini hiyo angefundishwa na nani? Na Simran.

Safari ya nne alirudi na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi. Mama yake Simran ndiye aliyezipika, akasema, tena bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alipokwenda kuosha mikono nilizila zote nane nikiwa nimesimama jikoni, ili asipate hata moja. Zilikuwa tamu sana, na hilo lilinikera kuliko yote.

Ijumaa nikavaa koti langu la kanisani. "Baba Haron," nikamwambia, "leo tunaenda wote."

"Wewe? Utachoka bure, Mama Haron. Ni story za machine tu."

"Nitachokea huko huko."

Duka lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya River Road, ghorofa ya kwanza, juu ya watu wanaochapisha kadi za harusi. Mwenyewe ni Mzee Tarsem, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe ambaye ndiye aliyetuuzia ile planta ya kwanza. Simran ni bintiye. Njiani nilikuwa nimeshamchora: kucha ndefu, manukato, viatu vya kugonga sakafu. Nikamkuta amevaa ovaroli ya buluu, nywele kazifunga kisogoni, kovu la kuungua mkononi na grisi chini ya kucha. Heri angekuwa na manukato. Mwanamke wa manukato Mbuthia angemchoka kabla mwezi haujaisha. Huyu alijua beringi.

"Karibu, Mama. Ni wewe Mama Haron? Nimesikia story yako mingi sana."

"Zipi?" nikauliza.

"Zote mzuri tu."

Wakacheka wote watatu. Mimi nikatafuta kiti.

Juu ya meza palikuwa na kielelezo kidogo cha mashine, chenye feni na mpira angavu kama kioo wa kupitisha mbegu. Simran akabonyeza swichi, na ngano ikaruka ndani ya ule mpira, punje moja nyuma ya nyingine, bila kugusana. Ilikuwa kazi ya kupendeza na mimi nikaichukia hapo hapo. Mbuthia aliinama kutazama, na Simran akainama upande wa pili, vichwa vyao vikabaki na nafasi ya kupita sahani tu.

"Na mtu anasimama wapi?" nikauliza.

"Hakuna mtu, Mama," Simran akasema. "Mpira ikiziba, sensor inalia hapa mbele, pii pii pii. Mzee anasimamisha, anashuka, anafungua. Wewe unakaa nyumbani, unapumzika."

"Umesikia?" Mbuthia akasema. "Umestaafishwa!" Na akanigonga gotini kwa furaha, kana kwamba ameniletea zawadi.

Nilisogeza goti. Wakaingia katika mambo ya kuchagua. Planta hizi ni za aina mbili, moja inapasua ardhi kwa visahani vya chuma vinavyozunguka, nyingine kwa meno. Simran alipendekeza visahani, kwa sababu vinakata mabua safi bila kuyakokota. Mbuthia alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla hata hajamaliza sentensi. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Visahani vikate nini?" nikasema. "Sisi tukivuna, wenye shamba wanaingiza ng'ombe hapo. Ndio makubaliano. Ng'ombe mia nne, miezi tatu, hiyo udongo inakuwa kama sakafu. Sahani yako itateleza juu juu tu, mbegu ibaki ya ndege. Huko kunataka meno."

Simran alinitazama, kisha akachukua kalamu akaandika. "Baba Haron, hii hukuniambia."

"Sikufikiria," Mbuthia akasema.

"Mama, umeniokoa. Ningewauzia machine mbaya. Basi ni ya meno."

Mwanamke mwingine angefurahi. Mashine ya mamilioni ilikuwa imechaguliwa kwa neno langu, na binti wa mwenye duka amekiri mbele ya baba yake. Mimi nilisikia maneno mawili tu, Baba Haron. Hilo jina si la kuitwa na kila mtu. Haron nilimzaa mimi.

Tukaafikiana kwamba Alhamisi iliyofuata mashine ya meno ingeletwa ijaribiwe kwenye shamba la kanisa lililolala bure mbele ya Dagoretti Market, karibu na kwetu. "Mbegu mlete yenu," Mzee Tarsem akasema, "ndio muamini."

Kutayarisha mbegu ni kazi yangu na haijawahi kuwa ya mtu mwingine. Napepeta, natoa makapi na vijiti, kisha naipaka dawa ya kuzuia kuvu, ile inayoigeuza punje kuwa ya waridi. Jumatano mchana nilikuwa uani na ungo, nusu ya gunia imekwisha pepetwa. Mbuthia alikuwa langoni na simu sikioni. Sikusikia maneno, lakini niliona mkono wake. Alikuwa akichora hewani, mviringo, mstari, kona, akimweleza mtu asiyeweza kumwona. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alinichorea mimi kitu hewani, na sikukumbuka.

Nikaweka ungo chini. Nusu iliyobaki nikaimwaga kwenye gunia jinsi ilivyo. Haikunitosha. Nikaenda kwenye banda la kuku, nikachota mabua makavu wanayotagia, nikayavunja vipande vya urefu wa kidole, nikavichanganya humo, na juu yake nikatia dawa. Vyote vikawa vya waridi, punje na bua, huwezi kutofautisha mpaka uguse. Nilijua ninachofanya. Sitamsingizia shetani, alikuwa na shughuli zake siku hiyo.

Alhamisi asubuhi tulikuwa shambani kabla ya saa tatu. Mzee Tarsem alikuwa amekuja na kiti chake cha kukunja. Lazarus, fundi wao, ndiye aliyeburuta planta kwa trekta mpaka pale. Walikuwapo pia wakulima wawili wa ngano aliowaalika Tarsem waje waone. Mbuthia mwenyewe alimwaga mbegu kwenye tangi, nusu gunia, akapanda kuendesha. Simran akasimama kwenye kidato cha trekta, karibu na bega lake, akimwonyesha skrini kwa kidole.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Nikasema moyoni, Mungu amenikatalia. Kwenye kona ya tatu nikaisikia, pii pii pii.

Trekta likasimama. Simran akaruka chini, akafungua kile kichwa kinachogawia mipira mbegu, akachokoa, akafunga. Wakasogea hatua ishirini, pii pii pii. Akafungua tena. Mara ya tatu hawakusogea hata kumi. Mmoja wa wale wakulima akatazama saa, mwingine akatabasamu chini ya kofia. Simran alikuwa amelala chali chini ya mashine, vumbi jekundu nywele nzima, na baba yake amesimama kutoka kitini. Nilisikia raha, sitadanganya. Raha ya kujikuna mahali panapowasha.

Kisha alitoa konzi ya takataka kutoka kwenye kile kichwa na kuitazama. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona alichokiona. Bua la shambani lina rangi ya kahawia. Bua lililobaki kwenye mipira toka kiwandani, kama lipo, halina rangi yoyote. Bua la waridi ni lile tu lililolala gunia moja na mbegu, likapakwa dawa pamoja nayo. Simran akainua macho, akanitazama. Akafumba ngumi na kuitia mfukoni mwa ovaroli.

"Ni makosa yetu," akawaambia wote. "Feni hatukuset vizuri. Pole sana."

Mzee Tarsem hakuridhika. "Ngoja, Simran. Labda mbegu iko na takataka. Lete gunia tuangalie."

Hapo Mbuthia akashuka kwenye trekta, na sijawahi kumwona na uso ule. "Mzee, tumejuana miaka mingi, usinikosee. Mbegu ya huyu mama haiangaliwi. Miaka kumi na nne sijawahi kuweka mkono kwa gunia yake, hata siku moja. Mimi namwaga tu. Kama hii machine yenu imekataa mbegu ya Mama Haron, basi machine ndio mbovu. Asante kwa muda wenu. Sisi tunaenda nyumbani."

Akaja akasimama kando yangu na kuniwekea mkono begani, mbele za watu, yeye ambaye hata kanisani hunishika mkono pale tu mchungaji anapoamuru. Kila nilichokitaka mwezi mzima nilikuwa nacho. Mashine imekataliwa, Simran ana vumbi kichwani, na mume wangu yuko upande wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo tu.

Na ningeufunga, naapa ningeufunga, kama Simran hangetikisa kichwa. Kidogo tu, bila mwingine kuona. Aliniambia kwa macho, nyamaza, Mama, mambo yamekwisha. Alinionea huruma! Alikuwa tayari kupoteza mauzo yake na heshima yake, aniwekee siri mfukoni. Nikajiona nikiishi miaka iliyobaki nikiwa na siri moja na mwanamke yule, yeye akiijua, mimi nikijua kwamba anaijua, na Mbuthia katikati kama kipofu. Hilo lilinishinda. Hata ukweli wangu siku ile ulitoka kwa wivu.

"Machine haina shida," nikasema. "Ni mbegu. Sikuipepeta."

Mbuthia akatabasamu. "Usimkingie, Mama Haron. Biashara ni biashara."

"Simkingii. Nilitia mabua. Mimi mwenyewe, na huu mkono."

"Wacha mzaha."

Alikataa kuamini, na kukataa kwake kuliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Ikabidi niende kwenye nusu gunia iliyobaki, nichote kutoka chini, na nimfungulie kiganja mbele ya macho. Vipande vya mabua vilikuwa vingi. Alivigusa kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu unaamka na jina lake na kulala nalo. Kwa sababu unamchorea vitu hewani. Kwa sababu hiyo planta yenu haina ubao."

"Ubao gani?"

Hakujua. Aliuliza kwa haki kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia kutafuta kitu kilichopotea. Miaka kumi na minne nilidhani tuko wawili pale nyuma ya trekta, na kwake ule ulikuwa ubao tu. Mzee Tarsem akageukia upande mwingine na kurekebisha kilemba kisichokuwa na kasoro. Wale wakulima wawili walikumbuka gari lao. Simran alipanda kwenye trekta akazima injini iliyokuwa ikinguruma chini chini, na pale kimya kilipoingia nilianza kulia kwa sauti, mimi mwanamke mzima mwenye koti la kanisani.

Mbuthia hakunigombeza. Alipanda juu ya mashine akamwaga mbegu yote kutoka kwenye tangi, akasafisha kile kichwa kwa mikono yake, na Lazarus alipotaka kumsaidia alimwambia akae. Kisha aliwaomba radhi baba na binti, kila mmoja kwa jina lake. Tukarudi Satellite kwenye pikapu.

Planta tuliinunua Februari, ile ile ya meno. Simran hakuja Narok kumfundisha, alimtuma Lazarus, na akanitumia salamu zangu peke yangu, mbali na za wengine. Nami nilimrudishia salamu, kwa kuwa sina kisa naye tena. Ngano iliota mwaka ule jinsi ambavyo hatujawahi kuona, mistari imejaa toka huku mpaka kule, hata wenye shamba walikuja na wageni kuitazama.

Mbuthia si mtu mbaya. Hakuwaambia watoto, hakuwaambia dada zake, na kanisani hakuna anayejua. Aliongeza hata kiti cha pili ndani ya trekta, akaniweka hapo karibu naye, na kunifundisha skrini. Nipo karibu kuliko nilivyowahi kuwa. Nikimgusa kwa kiwiko anageuka.

Lakini kila asubuhi ya kupanda, kabla mbegu haijamwagwa kwenye tangi, anakata uzi wa gunia na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Anatoa konzi kutoka chini kabisa, anaipeleka kwenye mwanga, anaipuliza, anaitazama. Sasa napepeta mara tatu. Hapati kitu, hajawahi kupata kitu. Anapangusa kiganja kwenye suruali na kuniambia, "Sawa," kwa ile sauti ya upole anayotumia na vibarua. Kisha anafungua gunia la pili na kuingiza mkono.